Mama Victorine Okito na Maillot za Klabu Elila

Tarehe 28 mwezi wa tisa mwaka huu, 2024, Mama Victorine Okito anastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Kuogelea Elila ya hapa Kindu kwa miaka thelathini na minane. Alipoingia kwenye lango letu mwaka 1986 alikuwa mjane kijana, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto mchanga, Mado, aliyeachwa na dada yake aliyefariki wakati wa kujifungua. Leo Mado ni mama mtu mzima, na Mama Victorine anaondoka kazini akiwa na miwani minene, goti moja linalomsumbua, na sauti ileile inayosikika mpaka ng'ambo ya uzio.

Kamati imeniomba mimi, Ferdinand Ilunga, mwalimu wa kuogelea wa klabu, niandike maneno machache ya kuchangamsha kwa ajili ya sherehe. Nitachangamsha panapostahili. Lakini anayemfahamu Mama Victorine anajua kwamba maisha yake ya kazi hayasimuliki bila kukasirika. Yeye mwenyewe alikuwa amekasirika karibu muda wote, na mara nyingi haki ilikuwa upande wake.

Aliajiriwa kufagia vestiaire, chumba cha kubadilishia nguo kando ya piscine, bwawa letu la kuogelea. Hakuna aliyemwajiri kushona. Klabu ilikuwa na maillot chache za mashindano, zile nguo nyembamba za kubana mwili ambazo muogeleaji huvaa siku ya kushindana tu, na wasichana walizivaa kwa kupokezana. Ukingo wa piscine yetu ni wa saruji ya tangu wakati wa Wabelgiji, imechakaa, inakwaruza kama msumeno. Maillot ikigusa hapo huchubuka, na palipochubuka ndipo hupasuka. Zilizopasuka zilipelekwa sokoni, na fundi wa cherehani alizishona kama anavyoshona suruali: mshono mmoja, ulionyooka, umekwisha.

Siku ya sikukuu ya uhuru mwaka 1987 palikuwa na mashindano mbele ya wakubwa wa mji. Msichana mmoja aliyeitwa Béatrice, mwenye umri wa miaka kumi na minne, aliinama kwenye kibao cha kurukia, na ule mshono wa suruali ukaachia kuanzia kiunoni mpaka chini. Watu wakacheka. Mtangazaji naye akatia mzaha wake kwenye kipaza sauti. Béatrice alijikunyata, mikono nyuma, hajui aruke majini au akimbie.

Mama Victorine alitupa ufagio. Alifungua kitenge chake cha juu, akamfunika mtoto, kisha akageukia viti vya wakubwa.

“Mwenye anacheka asimame, tumuone!” alipaza sauti. “Huyu ni mutoto ya muntu. Mulimuvalisha kitu ya kupasuka, sasa munachekea nini?”

Hakuna aliyesimama. Ila mkubwa mmoja alitaka mfagiaji huyo afukuzwe siku hiyohiyo. Aliyemwokoa ni mwalimu wa wakati ule, aliyesema kwamba wafagiaji waaminifu ni vigumu kupatikana. Huo ndio utetezi pekee aliopewa mwanamke aliyemsitiri mtoto wetu mbele ya mji mzima.

Aliichukua ile maillot nyumbani kwake, mtaa wa Kasuku. Aliifumua, akaivuta huku na huku, akaangalia jinsi kitambaa kinavyotanuka na kurudi, na akaona tatizo: kitambaa kilikuwa kinatanuka lakini uzi ulikuwa umekakamaa. Hakufundishwa na mtu yeyote. Alijifunza kwa kuharibu, na maillot moja aliiharibu kabisa, jambo ambalo hulisema bila aibu. Polepole alipata njia yake. Alisugua ncha ya sindano kwenye jiwe mpaka makali yakapungua, ili sindano ipenye katikati ya nyuzi badala ya kuzikata. Alishona kwa mkono, hatua fupi za kwenda upande na kurudi upande, uzi akiuachia nafasi. Kiraka alikikata cha mviringo, kwa sababu pembe huinuka na kunyonya maji. Fundo alilifunga nje, lisimchune mtoto. Mwisho aliivuta maillot juu ya paja lake. Uzi ukilia, anafumua na kuanza upya.

Kushona kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kutuzuia sisi tusipasue. Ukitoka majini, maillot inasuuzwa papo hapo kwa maji safi ya baridi. Huitupi kwenye mfuko ikiwa mbichi. Huianiki juani wala kwenye waya. Hukai nayo kwenye saruji, hata kama umechoka namna gani. Na zaidi ya yote, huikamui. Unaiviringisha ndani ya taulo, unakandamiza kwa viganja, unaitandaza kivulini. “Usikamue!” ndilo neno la kwanza kila mtoto mpya alilosikia akiingia vestiaire. Alipokuja Axel, mtoto mdogo wa mtaa wa Mikelenge, wiki yake ya pili alimsalimu kwa heshima zote mbele ya wageni: “Jambo, Mama Usikamue.” Alidhani ndilo jina lake. Mama Victorine alinuna kwa dakika chache, halafu nikamwona amegeukia ukuta, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Sasa nifike kwenye miaka ambayo hatukucheka.

Vita viliingia Kindu mwaka 1998. Watoto wa klabu walitawanyika na wazazi wao, wengine kuelekea Kailo, wengine msituni. Kikosi cha askari kilipiga kambi kwenye piscine yetu kwa sababu ilikuwa na uzio na ilikuwa karibu na mto. Maji yaliisha, majani yakaota kwenye nyufa. Mama Victorine alibaki mjini na Mado, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili na tayari alikuwa muogeleaji mwepesi kuliko wote wa rika lake.

Siku moja asubuhi, akitoka sokoni na mboga zake, Mama Victorine alipita mbele ya lango na kumwona askari amekaa kwenye kile kibao cha kurukia, bunduki mapajani, anaifuta mafuta kwa kitambaa chekundu. Alikitambua. Ilikuwa maillot yenye mkanda wa bega aliokuwa ameushona yeye mwenyewe. Aliweka mboga chini, akapita kati ya walinzi, akauliza aliko mkubwa wao.

Niliyasikia haya baadaye kutoka kwa jirani yake, Kassim, muuza sabuni, aliyekuwa ameletwa pale kambini kuuza bidhaa zake na ambaye anaapa kwamba alidhani ataona mtu akiuawa.

“Unatafuta nini, mama?” komanda aliuliza.

“Natafuta maillot ya batoto. Askari yako iko nafutia nayo bunduki.”

“Maillot gani? Hiki ni kitambaa tu.”

“Basi futia na kofia yako. Nayo iko kitambaa tu.”

Komanda hakupiga kelele. Alitabasamu, na kwa maoni ya Kassim tabasamu hilo lilitisha kuliko kelele. Alisema mama anaweza kuzichukua nguo zake zote, hakuna shida, lakini kwanza afue sare za kikosi kizima. Akimaliza, atazipata.

Basi Mama Victorine akafua. Kila asubuhi aliteremka mtoni na mafurushi ya sare za watu waliomfukuza kwenye kazi yake, sare zenye matope na zenye madoa ambayo hakutaka kuyajua, akafua mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Alipomaliza kikosi kizima, komanda alitimiza ahadi yake. Alimrushia gunia. Ndani mlikuwa na vipande. Askari walikuwa wamekwisha kuzikata maillot vipande vya ukubwa wa kiganja, vinavyoingia vizuri kwenye mtutu. Chache tu ndizo zilizobaki nusu nzima, na zote zilinuka mafuta ya bunduki.

Walikuwa wamezikata lini? Komanda alikuwa anajua, alipokuwa akimfulisha, kwamba hakuna nguo tena? Nimemuuliza Mama Victorine mara nyingi. Jibu lake ni lilelile: “Alijua. Na miye nilijua kama anajua. Lakini nilisema nitafua, nikafua, na gunia ikatoka.”

Alilitua gunia sebuleni na kuvitandaza vipande sakafuni. Mado alivitazama, akasema, “Mama, hizi hazitavaliwa tena. Tuzitupe.”

“Banataka tutupe,” alimjibu. “Njo maana hatutupi.”

Alivifua kwa sabuni ya Kassim, tena na tena, mpaka harufu ikapungua. Alivuta kila kipande. Kilicholegea kama jani lililonyauka alikitenga, kilichorudi alikiweka. Halafu akaanza kuunganisha. Mwaka 2002 mji ulizingirwa, hakuna kinachoingia wala kutoka, chumvi ikawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona, na yeye bado anashona kwa sindano moja ambayo alilala nayo imechomekwa kwenye kola. Watu walisema amerukwa na akili. Jirani mmoja alimsimamia mlangoni na kumwambia kwamba ni dhambi kushona nguo za kuchezea wakati watu wana njaa. Mama Victorine, ambaye na yeye alikuwa na njaa, alimwambia kwamba kama kuna ugali popote ambao uzi wake unazuia usipikwe, auonyeshe, ataacha.

Kutoka kwenye lile gunia zilizaliwa maillot sita. Moja ilikuwa ya bluu kifuani na nyekundu ubavuni, na hiyo ilikuwa ya Mado.

Amani ilipotangazwa tuliisafisha piscine kwa majembe. Mwaka 2005 Kisangani waliandaa mashindano ya vijana wa mikoa ya mashariki, na klabu yetu ikaalikwa. Tuliteremka mto kwa boti ya mota mpaka Ubundu, kisha tukapanda nyuma ya pikipiki kwenye njia ya msitu. Mama Victorine alikuja nasi bila kuitwa. Alisema maillot zake haziendi popote bila yeye. Alizibeba kifuani, zimeviringishwa ndani ya taulo, safari nzima.

Mado alikuwa na miaka kumi na tisa. Mbio zake zilikuwa mita mia moja za brasse, ule mtindo wa kuogelea kama chura, na muda aliokuwa akiogelea Kindu ulinifanya nikose usingizi kwa furaha. Asubuhi ya mashindano, akipasha mwili, alijivuta kutoka majini mahali ambapo kigae cha ukingo kilikuwa kimevunjika. Maillot ikakwama. Ilipasuka kwenye nyonga, ufa wa urefu wa kiganja, pembeni kabisa ya mshono wa zamani. Mshono wenyewe haukusogea.

Mwamuzi mkuu alikuja kutazama. Hakutazama ufa peke yake. Alitazama bluu, akatazama nyekundu, akatazama viraka.

“Mama,” alisema, “hii si maillot. Haya ni matambara. Leo tuko na wageni.”

“Wageni banakuja kuangalia kuogelea, ao banakuja kuangalia nguo?” Mama Victorine aliuliza.

Alijibiwa kwamba sheria inakataza vazi lililopasuka. Hilo ni kweli, na hatukubisha. Tuliuliza kama akilitengeneza kabla ya mbio Mado ataruhusiwa. Mwamuzi alisema ndiyo, mradi pasionekane tundu, na awe kwenye kibao jina lake likiitwa.

Wasichana wetu walisimama duara na vitenge vyao, na ndani ya duara hilo Mama Victorine alipiga magoti, akaishona maillot ikiwa mwilini mwa Mado, kwa sababu kuivua na kuivaa tena ikiwa mbichi kungekula muda wote. Aliweka kidole chake kati ya sindano na ngozi ya mtoto. Kila sindano ilipopita mbali, ilimchoma yeye. Mimi nilisimama nje ya duara nikitazama ratiba ya mbio, nikisikia Mado akivuta pumzi na Mama akimwambia, “Usijitikise. Usijitikise, mwanangu. Iko karibu.”

Wakati huohuo, kwenye kibao cha tatu, msichana wa klabu ya wenyeji alikatikiwa na mkanda wa miwani yake ya kuogelea. Mwamuzi alipuliza filimbi, akasimamisha mambo, watu wakatafuta miwani nyingine, ikaletwa, ikarekebishwa, tukangoja. Sikuona ubaya. Mtoto amekatikiwa, anangojewa. Ndivyo inavyopaswa.

Jina la Mado liliitwa. Mama Victorine alikata uzi kwa meno, Mado akakimbia. Alifika nyuma ya kibao wenzake wakiwa bado wamesimama wima, hakuna aliyeinama, hakuna filimbi iliyolia. Mwamuzi alinyoosha mkono, akamzuia kifuani.

“Umechelewa. Orodha imefungwa.”

Nilimwambia kuhusu ile miwani. Nilimwambia kwa upole, halafu bila upole. Alisema miwani ni jambo jingine. Wakaruka. Mado alisimama kwenye ukingo, maillot haina tundu hata la kupitisha ukucha, akatazama kibao chake kitupu na maji yake yasiyo na mtu mpaka mbio zikaisha. Mshindi aliogelea polepole kuliko Mado alivyokuwa akiogelea Kindu siku za mazoezi. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu miaka kumi na tisa baadaye bado haijanitoka rohoni.

Mama Victorine alimfuata mwamuzi na vidole vyenye damu. Tulidhani atapiga kelele. Hakupiga.

“Hukumukataza maillot,” alimwambia. “Ulimukataza yeye. Sema hivyo, niende nyumbani.”

Tulirudi kwa njia ya Lubutu, juu ya magunia kwenye lori la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, Fortunat, aliyetuonea huruma na hakutaka kitu. Karibu na Obokote mvua ilituzuia, tukashuka, tukakaa chini ya turubai. Mado alisema hapo ndipo kuogelea kwake kumeishia. Alikuwa analia tangu Kisangani bila sauti, na sasa sauti ilitoka. Nilianza kumwambia maneno ya mwalimu, vumilia, mwaka ujao, unajua maneno hayo. Mama Victorine alinikatiza.

“Mwache alie,” alisema. Kisha kwa Mado: “Ukiacha kwa sababu umechoka, nitakupikia na utapumzika. Ukiacha kwa sababu ya ule muntu, utakuwa umemupa kazi yangu yote. Na miye simupe.”

Tulipofika Kindu, jioni ya pili, nilimkuta Mado majini.

Mwaka uliofuata tulirudi Kisangani. Maillot ilikuwa ileile ya bluu na nyekundu, hatukuwa na nyingine. Mama Victorine alikuwa ameikagua uzi kwa uzi, na Mado alitolewa majini kwa kubebwa, mmoja kulia mmoja kushoto, asiguse ukingo. Alishinda mita mia za brasse, wa pili yuko nyuma ya miguu yake. Aliyekuja kuvalisha medali ni mwamuzi yuleyule. Baada ya kumvalisha Mado, aliteremka akaja kumnyooshea mkono mama aliyekuwa amesimama nasi. Mama Victorine aliutazama ule mkono, akaviringisha taulo yake, akampa mgongo. Wapo waliosema hakuwa na adabu. Mimi sijawahi kuona mgongo uliostahili kupigiwa makofi kama ule.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi ya kila siku, na kazi ya kila siku haiandikiki kwa urefu. Vizazi vya watoto vilipita vestiaire, vikakaripiwa, vikafundishwa kuviringisha taulo, vikaondoka na kurudi na watoto wao. Lakini liko jambo moja la juzi ambalo najua kamati ingependa niliruke. Sitaliruka.

Mwaka jana Béatrice, yule msichana wa mwaka 1987, ambaye sasa ni nesi huko Ubelgiji, alitutumia sanduku la maillot mpya za mashindano. Mama Victorine alizipokea kama mtu anayepokea wajukuu. Alizipanga, akazipima kwa wasichana, akamwonyesha kila mmoja ya kwake. Gentille, muogeleaji wetu bora wa sasa, mwenye miaka kumi na sita, hakuwa amewahi kuvaa nguo ambayo haijavaliwa na mwingine.

Piscine ilikuwa imepakwa rangi upya na wakubwa walialikwa kuifungua. Mwenyekiti wa wakati ule, ambaye leo hayupo tena kwenye uongozi, aliona kwamba picha zitapendeza zaidi watoto wa wageni wakivaa zile maillot mpya. Alizichukua asubuhi kabla Mama Victorine hajafika. Watoto wa wageni wakavaa. Hawakuwa na kosa, walikuwa watoto. Waliteleza kwenye saruji, wakakaa ukingoni kula biskuti, wakavutana mikanda. Waogeleaji wetu waliwashikia taulo. Jumatatu sanduku lilirudishwa vestiaire. Matako ya maillot yalikuwa yamechubuka mpaka mwanga unapita, tatu zimepasuka ubavuni, na mtu alikuwa amezifua zote kwa maji ya moto na javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe, zikawa kama ganda la ndizi. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia.

“Tengeneza, mama,” mwenyekiti alisema akiwa mlangoni. “Si njo kazi yako?”

Kwa mara ya kwanza tangu 1986, Mama Victorine alikataa.

“Nilishona ya bunduki,” alimwambia. “Ile ilikuwa vita. Hii sishone mpaka useme mbele ya batoto kwamba ulikosea.”

Mwenyekiti hakusema amekosea. Alisema ni utovu wa nidhamu, na akamsimamisha kazi mwanamke huyu, akiwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Akampokonya funguo palepale, Gentille akiwa amesimama pembeni na maillot yake iliyopasuka mkononi.

Siku iliyofuata nilifika mazoezini na kuwakuta waogeleaji wote wamekaa kwenye ngazi, wamevaa nguo za nyumbani. Sikuwapanga. Ningetaka kusema niliwapanga, lakini walijipanga wenyewe. Walikaa hivyo kesho yake, na kesho yake tena. Mwenyekiti alipoleta wageni waliotaka kuona mazoezi, alisimama kando ya maji mazuri ya bluu yasiyo na mtu, akapaza sauti, “Ingieni!”

Gentille alisimama. Ni msichana mpole, huongea taratibu.

“Tuingie na nini, Papa? Maillot ilipasuka. Na mwenye kushona mulimufukuza.”

Wageni walimtazama mwenyekiti. Yeye aliwatazama watoto, hakuna hata mmoja aliyeinamisha kichwa. Mado alikuwa amekaa katikati yao, mtu mzima, ameacha kazi zake, mikono imekunjwa.

Siku hiyohiyo mchana mwenyekiti alikwenda Kasuku. Alimkuta Mama Victorine anapepeta mchele. Sikuwepo, lakini alirudi naye mpaka ukingoni, akasema mbele ya watoto kwamba maillot zilikuwa zao na alikosea kuzichukua. Alilisema haraka na kwa sauti ndogo. Mama Victorine alimwambia arudie kwa wale wa nyuma. Akarudia.

Halafu Mama Victorine akapokea funguo zake, akaingia vestiaire, akaita wasichana wote, akawapa kila mmoja sindano. Alisema hatashona peke yake tena, macho yamechoka na hasira zimekuwa nyingi. Walikaa kwenye mabenchi wakishona chini ya kelele zake, na mishono ya kwanza ya Gentille ilifumuliwa mpaka mtoto akataka kulia. Zile zilizochomwa na javeli hazikufufuka zote. Zilizokufa zilitoa viraka kwa zilizo hai. Kwenye mashindano ya mkoa Gentille alipata nafasi ya pili, akiwa amevaa nguo aliyoishona mwenyewe. Alitaka ya kwanza, na Mama Victorine alimwambia kwamba na yeye alitaka ya kwanza.

Kamati mpya, na hapa naishukuru kwa moyo wote, imeamua kwamba kuanzia mwezi wa kumi klabu itakuwa na cheo cha Mtunza Mavazi ya Mashindano, na kwamba Mado ndiye atakayekishika. Wiki iliyopita tulikwenda watu watatu nyumbani kumpasha Mama Victorine habari hiyo njema. Alitusikiliza mpaka mwisho. Alifurahi kwa ajili ya Mado, alisema hivyo. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akatuuliza: “Na miye, hii miaka yote, muliniita nani?”

Kwenye karatasi zetu zote Mama Victorine Okito anastaafu kama mfagiaji. Naomba, mbele ya wote watakaosoma hapa, neno hilo lifutwe kabla ya siku ya sherehe na cheo chake kiandikwe kuanzia mwaka 1987. Hilo si zawadi.

Anahamia Kailo, kwenye shamba la familia yake, ambako anasema atalima karanga na hatasikia tena neno piscine. Hatumwamini.

Mama Victorine, asante. Asante kwa wasichana waliosimama kwenye kibao bila kuogopa nguo zao. Uende salama, mwili wako upate raha, goti lipone, karanga zikubali. Tunakutakia siku nyingi na njema. Na ukisikia huko Kailo kwamba tumemwonea mtoto yeyote wa klabu hii, tafadhali, panda pikipiki uje utukasirikie.